Chombo cha Kulishia Ndege kwa Vitu Vilivyokwisha Kazi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo watu huuliza kabla ya kushika kisu na chupa, na mengine huja baada ya ndege wa kwanza kutua. Kabla ya yote, shika jambo moja: chombo kisichofunguka kikaoshwa na kukaushwa hakifai, hata kiwe kizuri namna gani. Majibu mengi hapa chini yanarudi hapo hapo.

Vitu gani vya nyumbani vinafaa?

Chupa za maji na soda, maboksi ya maziwa au juisi, makopo ya bati, sahani zilizomeguka ukingo, vikombe na visosa vyake, sinia kuukuu, kifuu cha nazi. Binafsi napenda chekeche ya waya iliyochoka. Matundu yake hupitisha maji ya mvua yote, hewa inapita chini ya mbegu, na kuiosha ni kuigeuza tu na kuisugua. Funga kamba tatu za urefu sawa kwenye ukingo, zikutanishe juu, basi umemaliza.

Usitumie kitu chochote kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, mafuta ya gari, rangi au kemikali za usafi. Plastiki hufyonza vitu hivyo, na kuosha hakuviondoi vyote. Ziache pia neti laini za kufungia vitunguu na matunda: kucha na vidole vya ndege hunasa humo, naye akihangaika kujitoa huvunjika mguu.

Sijawahi kutengeneza. Nianze na kipi?

Anza na chupa ya plastiki ya lita 1.5 au 2 na vijiko viwili vya mbao vyenye mpini mrefu kuliko upana wa chupa. Kila kijiko kitapita chupa upande hadi upande. Bakuli lake likiwa nje ndilo sahani ya ndege, na ndipo pia atakapotua.

Osha chupa kwa sabuni, isuuze, iache wazi usiku kucha hadi isibaki na tone la maji ndani. Toboa kwa ncha ya msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo, kwa sababu tundu la moto huacha ukingo laini na plastiki haipasuki. Fanya hivyo nje, maana ule moshi si wa kuvuta.

Tundu la kwanza liwe sentimita 4 tu kutoka kitako. Upande wa pili, toboa jingine juu kidogo kuliko hilo, ili kijiko kilale kikiinamia nje kwa upande wa bakuli. Lile la juu litoshe unene wa mpini na kuubana. Lile la chini, palipo na bakuli, lipanue kwenda juu hadi ubaki mwanya wa kama sentimita 1 ambao mbegu zitateremkia. Ingiza mpini kupitia tundu kubwa, usukume mpaka utokeze upande wa pili, bakuli libaki nje likigusa chupa. Kijiko cha pili kipitishe sentimita 6 au 7 juu zaidi, kikikatisha cha kwanza kama msalaba, ili ndege wanaokula juu wasiwaangushie kinyesi walio chini.

Maliza kwa matundu manne au matano kwenye kitako, ya milimita 3 hivi: maji yatoke, mbegu zibaki. Funga waya imara shingoni, viringisha karatasi iwe kama mrija mpana, mimina mbegu kupitia mdomo wa chupa, funga kizibo, ning'iniza.

Kwa nini sentimita 4 tu kutoka chini?

Kwa sababu mbegu zilizo chini ya kijiko cha mwisho hazifikiwi na ndege yeyote. Chombo changu cha kwanza nilikitoboa juu mno, karibu nusu ya chupa, wala sikutoboa kitako. Kwa nje kilionekana kinafanya kazi: ndege walikuja, mbegu za juu zikashuka, nami nikawa najaza. Baada ya mvua za wiki mbili nilikifungua, nikakuta mbegu za chini zimechipua, zikafa, zikawa uji mweusi wenye harufu ya pombe iliyochacha. Ndege walikuwa wakila sentimita chache tu juu ya uozo ule. Niliumia sana kuona hivyo, na tangu siku hiyo kitako ndicho ninachokikagua kwanza.

Boksi la maziwa litadumu?

Wiki chache, na hizo zinatosha. Uzuri wa boksi ni kwamba mtoto anaweza kulikata kwa mkasi. Chora dirisha kwenye pande mbili zinazotazamana, sentimita 4 juu ya kitako. Kata chini na ubavuni tu, halafu kunja kile kipande kwenda juu na nje: hicho ndicho kipaa cha kuzuia mvua. Chini ya kila dirisha pitisha kijiti cha kutulia. Likianza kulegea usilikarabati. Litupe, tengeneza jingine.

Na kopo la bati?

Linadumu, lakini lina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni makali ya ukingo: yapondeponde kwa koleo yalale kwa ndani, kisha pitisha kidole polepole mduara mzima. Kidole chako kikikwaruzwa, mguu wa ndege utakatwa. La pili ni jua. Bati huchemka, basi kopo likae kivulini. Lilaze kwa ubavu, mdomo ukiinama kidogo mvua isiingie, na ugundishe kijiti kirefu chini yake kitokeze mbele. Kutu ikishaanza kumenyeka, kopo limestaafu.

Naweza kupaka rangi?

Nje tu, rangi ya maji, na uiache mpaka harufu iishe kabisa. Ndani na mahali pa kutulia pabaki bila rangi. Mabaki ya rangi za zamani yaliyokaa stoo miaka mingi usiyaguse: nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ndege na kwa wewe unayepaka.

Kamba gani nitumie?

Waya wa hanga kuukuu, au kamba nene ya katani. Uzi wa nailoni na mshipi wa kuvulia samaki ni hatari: ndege hauoni, anajifunga mguu au bawa.

Niwape chakula gani?

Mbegu za alizeti nyeusi zinapendwa na ndege wengi kuliko mbegu nyingine yoyote, kwa kuwa zina mafuta mengi na ganda lake jembamba hata mdomo mdogo unalipasua. Ulezi na mtama huwafaa shomoro, chiriku na jamii ya kwera. Njiwa na tetere hupenda kuokota chini, hivyo mbegu zinazodondoka ni fungu lao. Mahindi yavunje kwanza. Vipande vya papai, ndizi au nusu ya chungwa iliyochomekwa kwenye msumari huleta ndege wala matunda ambao hawatagusa mbegu hata siku moja.

Karanga ni chakula bora, lakini zichague. Ziwe mbichi au zilizokaangwa bila chumvi, na ziwe safi za kuliwa na mtu. Karanga na mahindi yaliyopata unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu, na sumukuvu huua ndege kama inavyodhuru ini la binadamu. Usidhani zile ulizozichambua na kuzitenga kwa kuwa mbovu ndizo za kuwapa ndege. Msimu wa kuangua, zisage au zipondeponde: mzazi hubeba karanga nzima hadi kwenye kiota, na kinda akakabwa nayo.

Mkate je? Na wali uliobaki?

Kipande kidogo cha mkate hakiui, ila hujaza tumbo bila kujenga mwili, na huota ukungu upesi kuliko mbegu. Makombo ya mezani tatizo lake ni chumvi. Mwili mdogo wa ndege hauwezi kuitoa kwa wingi. Wali mweupe usio na chumvi wala mafuta unaweza kutolewa kidogo, uondolewe siku hiyo hiyo.

Watu huuliza pia kama mchele mkavu hupasua tumbo la ndege. Si kweli. Ndege hula mpunga mkavu mashambani kila msimu. Firigisi yao, pamoja na vijichanga wanavyomeza, husaga vitu vigumu zaidi ya huo.

Visivyotakiwa kabisa ni chokoleti, parachichi, chochote chenye chumvi, chochote kilichochacha, na mafuta laini ya kupikia. Mafuta hushika manyoya, na manyoya yenye mafuta hayazuii maji wala baridi.

Maji ya sukari yanafaa?

Kwa ndege wavumaji wa mabara ya Amerika, ndiyo: kipimo 1 cha sukari nyeupe kwa vipimo 4 vya maji, bila rangi, bila asali. Asali iliyochanganywa na maji huchacha haraka na kuotesha kuvu. Palipo na joto badilisha kila siku mbili. Kwa chozi wa Afrika na Asia, ningependa zaidi uwapandie maua yenye nekta. Ua halihitaji kuoshwa.

Nikitundike wapi?

Fikiria vitu viwili vinavyoua ndege karibu na nyumba: kioo na paka.

Kioo cha dirisha huonyesha taswira ya miti na anga, naye ndege hupiga mbio kuelekea huko. Tundika chombo ama ndani ya mita 1 kutoka dirishani, ama zaidi ya mita 10. Akiwa karibu sana hana nafasi ya kushika kasi ya kumuua. Akiwa mbali ana muda wa kukata kona. Masafa ya katikati ndiyo mabaya. Kama huna budi kuweka hapo, bandika alama ndogo upande wa nje wa kioo, zikipishana kwa sentimita 5. Picha moja ya kipanga iliyobandikwa katikati haisaidii: ndege huikwepa na kujigonga pembeni yake.

Kuhusu paka, acha kama mita 3 za uwazi kati ya chombo na kichaka. Umbali huo ndege anaufikia mara moja kipanga akitokea, na paka hawezi kuuruka bila kuonekana. Urefu wa mita 1.5 hadi 2 kutoka chini unatosha, na wewe bado unakifikia kukiosha.

Wiki imepita, hakuna ndege hata mmoja. Nimekosea nini?

Huenda hujakosea kitu. Ndege wengi hutafuta chakula kwa macho, si kwa pua, na kitu kipya huwatia shaka. Wengine hufika siku ya pili, wengine baada ya wiki tatu. Nyunyiza mbegu chache mahali wazi chini ya chombo ili zionekane, kisha ondoka. Usikihamishe kila siku, maana kila unapokihamisha wanaanza upya kukizoea. Shomoro mmoja akithubutu, waliobaki walikuwa wanamtazama yeye.

Kindi na panya wanamaliza mbegu. Nifanyeje?

Kata sehemu ya juu ya chupa kubwa, ile iliyo kama faneli, ivalishe kwenye nguzo au kamba mdomo mpana ukitazama chini. Kwa chombo kinachoning'inia iwe juu yake, kwa kilicho kwenye nguzo iwe chini yake. Kindi huteleza. Hata hivyo anaruka mbali, kwa hiyo chombo kisikae karibu na tawi wala ukuta.

Nguzo usiipake mafuta wala grisi, kwa sababu ile ile ya manyoya niliyoitaja. Pilipili ya unga kwenye mbegu humsumbua kindi lakini si ndege, kwa kuwa mwili wa ndege hauhisi ule ukali. Ila vumbi lake huweza kuwasha macho, na macho yako pia, hivyo mimi hubaki na faneli.

Panya huitwa na mabaki. Weka mbegu zinazoliwa siku moja, fagia chini jioni, na usiku shusha chombo ukiweke ndani.

Kunguru wanawafukuza wadogo.

Fupisha vijiti vya kutulia hadi sentimita 5 au 6. Ndege mdogo anaenea, kunguru hapati mizani. Kama umetumia sinia au chekeche, kizungushie waya wenye matundu ya kupitisha shomoro pekee, na ncha zake zikunje.

Nisafishe mara ngapi?

Angalau kila wiki mbili. Msimu wa mvua, au ndege wakiwa wengi, kila wiki. Mwaga mbegu zilizobaki, sugua uchafu wote kwa maji ya sabuni, kisha loweka dakika 10 katika kipimo 1 cha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe kwa vipimo 9 vya maji. Suuza mpaka harufu iishe. Halafu kausha kabisa, juani ikiwezekana, kabla ya kujaza tena. Kukausha si urembo, ni nusu ya kazi yenyewe.

Nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo tunapoweza kuwadhuru tunaowapenda. Katika maumbile ndege hula wakiwa wametawanyika. Chombo huwakusanya mahali pamoja, mgonjwa na mzima, kwenye bakuli moja. Kuna kijidudu kiitwacho Trichomonas gallinae ambacho huishi kooni mwa ndege. Koo huvimba, ndege anashindwa kumeza, anazungusha mbegu mdomoni kisha anaidondosha ikiwa na mate. Anayefuata anaiokota. Kijidudu hicho hufa kikikauka; penye unyevu ndipo kinapopata nafasi. Nchini Uingereza ugonjwa huu ulianza kuonekana kwa jamii ya chiriku mwaka 2005, na chiriku wa kijani wa huko walipungua kiasi kwamba mwaka 2021 waliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Mwaka 2025 shirika la kuhifadhi ndege la RSPB lilisitisha kuuza vilishio bapa, kwa kuwa juu ya ubapa ndipo mate, kinyesi na mbegu hukaa pamoja. Ndiyo maana nasisitiza matundu ya kitako, na ndiyo maana anayetumia sahani au sinia anapaswa kuiosha kila siku.

Nitamjuaje ndege mgonjwa?

Amejitutumua manyoya hata kukiwa na joto, macho yamevimba au yana tongo, anakaa hapo hapo kwenye chombo wenzake wakiruka. Ukimwona hata mmoja, shusha chombo, kioshe, usikirudishe kwa wiki mbili. Inauma kuwanyima, lakini wakitawanyika ugonjwa unakatika.

Mimi na watoto tunaweza kuambukizwa?

Bakteria wa salmonela hupita kutoka kwa ndege hadi kwa mtu. Osha mikono kila ukishakigusa chombo, kioshee nje badala ya sinki la jikoni, na kitengee brashi yake. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu.

Wakizoea kulishwa si watasahau kujitafutia?

Swali hili lilichunguzwa Wisconsin, Marekani, kwa ndege wadogo waitwao chickadee. Waliolishwa kwa miaka mingi waliondolewa vyombo, wakalinganishwa na wenzao wasiowahi kulishwa: waliishi sawasawa. Ndege mwitu hula kwako kidogo, kisha anaendelea na mzunguko wake wa wadudu na mbegu za porini. Ukisafiri, safiri. Kiache tupu na safi, si kimejaa mbegu za kuoza.

Niwawekee na maji?

Ndiyo, na pengine yana faida kuliko mbegu, kwa sababu yanawaleta hata wala wadudu. Sahani pana yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, jiwe katikati la kutulia, maji mapya kila siku. Ukikaa kimya utaona tofauti ya kupendeza: shomoro huchota tone akainua kichwa ili liteleze kooni, lakini njiwa huzamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja.

Inaruhusiwa kila mahali?

Hapana. Venice ilipiga marufuku kulisha njiwa katika uwanja wa Mtakatifu Marko mwaka 2008, na Singapore kulisha ndege mwitu bila kibali ni kosa. Ukiishi kwenye jengo la watu wengi, uliza kwanza, na mfikirie jirani wa chini: maganda na kinyesi vinamwangukia yeye.

Chupa imepauka na kupata nyufa. Bado inafaa?

Jua hukausha plastiki hadi ikavunjika kama ganda la yai, na vipande vyake vina ncha kali. Ibinye kwa kidole gumba: ikilia na kubaki na alama nyeupe, ishushe leo. Chomoa vijiko, visugue, vikaushe; kama mbao haijapasuka vitaingia kwenye chupa mpya.